Kabla Mtu Hajakimbia, Tuonyeshe Uchochoro

Aliye jikoni asogeze redio karibu na mlango. Aliye kwenye gari amwombe dereva aongeze sauti kidogo. Na wewe unayenisikiliza na daftari mapajani, kwa maana najua mpo wengi, kaa vizuri, leo nazungumza na wewe hasa.

Mada yetu ni uandishi wa kitendo katika hadithi. Mtu anakimbizwa. Ngumi inarushwa. Gari linaacha njia. Maji yanaingia ndani ya nyumba saa nane za usiku. Tunayaandikaje mambo haya mpaka msomaji aliyejilaza kitandani kwake Tandika au Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, ajikute na yeye anahema? Nina jambo moja la kusema jioni hii, na nitalirudia, ili aliyechelewa kufungua redio asilikose. Kitendo huzaliwa na mahali. Kabla mtu hajakimbia, tuonyeshe uchochoro.

Sikilizeni kwanza aya hii. Nimeitunga mimi kwa ajili ya mazungumzo ya leo, lakini naamini mmeshakutana na ndugu zake:

"Alikimbia kwa kasi ya ajabu huku maadui zake wakimfuata nyuma. Alikata kona ya kwanza, akakata kona ya pili, akaruka ukuta mrefu na kutoweka kama upepo."

Haya, nawauliza. Kona gani hiyo? Ukuta wa nini, wa matofali au wa mabati? Alipouruka alishika nini? Alivaa viatu au ndala? Ilikuwa mchana au usiku? Hakuna jibu. Mtu huyu tungeweza kumhamishia Nairobi, Muscat au Moscow bila kubadilisha hata neno moja. Mwandishi ameandika "kasi ya ajabu" ili asipate taabu ya kuitazama hiyo kasi. Na msomaji naye, kwa kuwa hakuonyeshwa kitu, haoni kitu. Anaruka mistari kwenda kutafuta kama shujaa alipona.

Sasa twendeni Tandale, pale kwa Mtogole. Ingia ndani, acha barabara ya magari. Unajua vichochoro vya kule vilivyo. Watu wawili wakikutana, mmoja sharti ageuke ubavu. Maji machafu yanapita katikati, kwa hiyo unatembea mguu huku mguu kule. Ukingo wa bati la kibanda umefika usawa wa paji la uso la mtu mrefu. Kuna kamba ya nguo imekatiza, na juu yake shuka mbili za kitanda bado zinachuruzika. Mbele kuna mama kakaa na karai la mafuta ya moto, anakaanga mihogo, na watoto watatu wamesimama na sarafu zao wanangoja.

Haya, kimbia hapo.

Unaona? Kasi ya ajabu imekufa palepale. Anayekimbizwa, kama ni mrefu, atainama au bati litamwinamisha. Kama amevaa ndala, moja itabaki kwenye maji machafu na itabidi aendelee na mguu mmoja mtupu, na mguu huo utakutana na kila kitu kilichotupwa pale. Akifika kwa mama wa mihogo lazima achague, na ana nukta moja tu ya kuchagua: apite kulia ambako kuna watoto, au kushoto ambako kuna mafuta. Hapo ndipo utakapojua yeye ni mtu wa namna gani. Mwandishi hakuwa na haja ya kutuambia kwamba kijana huyu ana roho nzuri au roho mbaya. Uchochoro umeuliza, yeye amejibu kwa miguu yake.

Tena kuna tofauti ya mwenyeji na mgeni. Mwenyeji anajua kwamba njia ile ya pili inaishia uani kwa mtu, haitokei popote. Mgeni hajui, ataingia. Kwa hiyo nani atakamatwa limeamuliwa na ardhi, na msomaji atalikubali kwa sababu ardhi ameiona kabla. Nasema tena: kitendo huzaliwa na mahali.

Nataka tukae kidogo ndani ya nyumba moja. Ile nyumba yetu ya Kiswahili, iliyojaa Magomeni, Temeke, Kinondoni na Mwananyamala. Mlango wa mbele, mbele yake kibaraza. Ukiingia unakuta korido ndefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila kimoja na wapangaji wake na pazia lake. Mwisho wa korido kuna mlango wa pili, unatokea uani. Uani ndiko kuliko jiko, bafu, choo, diaba la maji, na ukuta wa nyuma. Wengi wetu tumezaliwa humo. Je, mmewahi kufikiri kwamba mchoro wa nyumba hii wenyewe ni hadithi inayongoja? Una njia moja iliyonyooka, yenye giza hata mchana, halafu ghafla mwanga. Ukiingia mbele, huwezi kujificha mpaka uamue kuingia chumbani kwa mtu. Ukitokea uani, umekutana na wanawake wa nyumba nzima.

Nawasomea jaribio langu. Kijana anakimbizwa, hatujali kwa nini. Ukurasa mmoja nyuma tumeshasema kwamba mvua ilinyesha mchana kutwa. Sikilizeni:

"Aliingia kwa mlango wa mbele. Korido ilikuwa na giza. Akapita akipapasa ukuta, pazia la kwanza, pazia la pili. Mguu ukagonga jiko la mkaa, sufuria ikapinduka, maharage yakasambaa sakafuni. 'Nani huyo?' Hakujibu. Akasukuma mlango wa uani, mwanga ukampiga usoni. Mama mmoja ameinama juu ya beseni, mikono ina povu hadi viwikoni. Wakatazamana. Nyuma ya kijana korido nzima inalia viatu. Yule mama hakupiga kelele. Alitupa jicho upande wa choo, mara moja tu, akaendelea kufua. Kijana akapanda juu ya ndoo, akashika ukingo wa ukuta, vipande vya chupa vikazama viganjani. Hakuachia."

Basi. Ni aya fupi. Tuifungue pamoja.

Kwanza, lile jiko limefikaje koridoni? Mvua. Mvua ikinyesha, wapangaji huingiza majiko ndani, kila mtu anayejua nyumba hizi anajua. Ndiyo maana mvua tuliitaja ukurasa mmoja nyuma. Tungeitaja palepale, msomaji angesikia mwandishi anajitetea. Kitu chochote kitakachomwangusha shujaa wako, kiweke mapema, kiweke kwa utulivu, msomaji akione akipite. Likija la kuja, atasema moyoni: aa, lile jiko!

Pili, ule ukuta. Tulio wengi tunazijua kuta za uani zilizopandwa vipande vya chupa juu ili mwizi asiruke. Ukishajua ukuta una chupa, huwezi tena kuandika "akaruka ukuta mrefu". Itabidi uandike mikono. Na mikono ikishakatika, imekatika. Sura inayofuata kijana huyu akipewa chai, atashikaje kikombe? Nitalirudia hili la maumivu baadaye.

Tatu, yule mama. Kwa nini alimwonyesha njia kwa jicho? Hapo hadithi imepata mtu mpya ambaye hatukuwa tumempanga, na ameletwa na mahali. Uani kuna mtu anafua, hilo ni jambo la kila siku. Kwa kuwa yupo, sharti afanye kitu. Akipiga kelele ni hadithi moja, akinyamaza ni nyingine.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo linanigusa sana, kwa sababu nalisikia likipuuzwa: lugha yetu wenyewe inavyotusaidia kuandika mwendo. Msikilizaji wangu, Kiswahili kina vyombo vya kusimulia kitendo ambavyo mwandishi hahitaji kuviazima popote. Chukua ile "ka". Akapita, akasukuma, akapanda, akashika. Kila "ka" inamsogeza mtu hatua moja. Bibi zetu waliposimulia hadithi usiku, "ka" ndiyo iliyotubeba. Lakini "ka" ishirini mfululizo zinachosha, sikio linalala. Ndipo unaingiza "ki": akapita akipapasa ukuta. Mambo mawili kwa wakati mmoja, miguu inakwenda na mkono unatafuta. Kisha, pale unapotaka jicho lisimame, unaacha "ka" kabisa na kuweka "me". Mama mmoja ameinama juu ya beseni. Sikusema "akainama". Alikuwa ameshainama zamani, sisi ndio tuliofika. Msomaji anasimama mlangoni pamoja na kijana na kuikuta picha imekwisha kukamilika.

Jaribuni wenyewe. "Akafungua mlango, akamwona nyoka akajikunja kitandani." Sasa hivi: "Kufungua mlango, nyoka kajikunja kitandani," yaani amejikunja. Mnasikia? Ule wa pili ndivyo tunavyosimuliana vijiweni. Hakuna anayesimulia ajali barabarani kwa sentensi ndefu zenye "ambapo" na "ambaye". Tunasema: kutahamaki, gari hili hapa! Tunasema: huyoo, mbio! Tunasema alianguka pu, alitumbukia chubwi, alilowa chepechepe. Halafu mtu yuleyule aliyesimulia vizuri namna hiyo kijiweni, akishika kalamu anakuwa karani. Anaandika "alianguka chini kwa kishindo kikubwa sana". Rudisheni sauti ya kijiweni kwenye karatasi. Kwa kipimo, lakini. Tanakali zikijaa kila mstari zinageuka vurugu. Moja kwenye ukurasa, mahali pake, inatosha.

Wakati huohuo kuna maneno yamechoka, tuyapumzishe. "Kufumba na kufumbua" imefanya kazi kubwa, ipewe likizo. "Kama aliyemwagiwa maji ya baridi", nayo vivyo hivyo. "Jua lilikuwa likizama upande wa magharibi", kana kwamba kuna siku lilizama upande mwingine. Mwandishi wa Mbagala, wewe jioni huitambui kwa jua. Unaitambua kwa sauti ya mpiga debe kubadilika, kwa vibatari na taa za betri kuwashwa kwenye meza za samaki wa kukaanga, kwa muuza kahawa kupita akigonganisha vikombe vyake. Tumia hivyo. Mandhari ikae katikati ya kitendo, kidogo kidogo, mtu anavyopita. Ukiirundika yote mwanzoni mwa sura, ukurasa mzima wa mawingu na ndege, msomaji atakuwa ameshuka kituo cha kwanza.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la miaka ya 1957 na 1958, na kitabu chenyewe, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na fikra, hakimbii ovyo. Lakini angalieni maiti inakutwa wapi: mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Mahali hapo peke yake pameshaamua nani atathubutu kusogea, nani atasema uongo, na nani atanufaika na woga wa wenzake. Jina la kitabu lenyewe limeanza na mahali hapo.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, wakati simu haikuwa kitu cha kila nyumba, na kengele ya simu ikapata kutisha. Halafu akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake, Willy Gamba. Kufa na Kupona kilitoka 1974. Vijana wa leo huenda hamjui jinsi kitabu kile kilivyopita mkono kwa mkono mpaka jalada likaanguka. Wapo wanaosema Gamba aliigwa kutoka kwa wapelelezi wa riwaya na sinema za Ulaya na Marekani, na kweli mitindo ya bastola na hoteli inafanana. Lakini kwa nini wasomaji wetu walimwamini? Nafikiri ni kwa sababu ardhi aliyokanyaga ilikuwa ya kweli. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapahapa Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Angola, wa Afrika Kusini walikuwa wakipita mitaa yetu. Msomaji wa Temeke akisoma habari za majasusi wa makaburu mjini hakuona ajabu, alijua wanachokitafuta. Mbio za Gamba zilikuwa na sababu chini ya nyayo.

Baadaye Ben Mtobwa, Mungu amrehemu, aliyefariki 2008, alitupa mpelelezi Joram Kiango, na mwaka 1990 akaliweka jiji lenyewe kwenye jalada: Dar es Salaam Usiku. Jiji na saa yake, vyote katika jina moja. Ningemwomba kila kijana anayeandika sasa, wale wanaouza riwaya sehemu kwa sehemu kwa njia ya simu, asome Mtobwa na kalamu mkononi, aone lini anatuonyesha mtaa na lini anaachia ngumi.

Lakini nisieleweke kwamba kitendo ni ngumi na bastola tu. Hapana. Twendeni Mbagala Rangi Tatu, au kituo chochote mjini ambako magari ya Mbagala yanapakia, saa kumi na mbili jioni. Gari linaingia, halijasimama. Watu wameshalivamia. Mmoja anatupa mkoba wake dirishani uangukie kiti, awe amekiwahi. Kijana anaingia kwa dirisha kichwa kwanza, miguu inabaki nje inapiga hewa. Mama mwenye mtoto mgongoni anajua hawezi kugombea, anasimama pembeni, magari matatu yanaondoka, yeye yupo. Konda anapiga ubavu wa gari. Haya, hapo hakuna mwizi, hakuna jasusi, na bado pana mapambano, pana mbinu, pana anayeshinda na anayeshindwa. Adam Shafi katika Kuli ameshika mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948, na nguvu ya kitabu kile imo katika kazi, katika mizigo, katika miili ya watu waliochoka. Kubeba ni kitendo. Kusubiri gari la nne huku mtoto analia mgongoni ni kitendo.

Na kipo kitendo cha polepole. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011? Bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo. Watu walipoteza ndugu na nyumba, wengine wakahamishiwa Mabwepande, mbali huko Kinondoni ya mwisho. Ukiandika usiku ule, usianze na "mawimbi makubwa yalivamia nyumba". Maji ya mafuriko mara nyingi hayapigi hodi mlangoni. Yanachipuka ndani, kwenye pembe ya sakafu, kwenye choo. Mtu anaamka kwa sababu ya harufu. Anashusha mguu kutafuta ndala, ndala haipo pale alipoiacha, imeelea hadi chini ya meza. Mguu umefika kwenye maji ya kifundo. Anawasha tochi ya simu. Kitu cha kwanza anachonyanyua ni nini? Mtoto, hilo halina swali. Cha pili? Hapo ndipo mwandishi anapofanya kazi yake. Godoro? Unga? Bahasha ya vyeti vya shule? Kila jibu ni mtu tofauti. Na katika aya za namna hiyo, punguza "ka". Acha maji yapande kwa "na": yanapanda, yanafika kwenye goti, yanazima jiko.

Tukio likiwa kubwa kuliko macho ya mtu mmoja, fanya nini? Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi Mbagala. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, na familia zikatawanyika, watoto wakapotezana na wazazi wao. Waliokuwapo bado wapo, wanatusikiliza jioni hii, na nawapa pole. Mwandishi akitaka kulisimulia tukio hilo, asijaribu kuusimulia mlipuko wote. Amchukue mtu mmoja. Baba yuko kazini Kariakoo, mke yuko sokoni Tandika, mtoto yuko darasani Mbagala. Barabara ya Kilwa, watu wote wanakuja upande wa mjini, na baba peke yake anakwenda upande wa Mbagala, anapita kati ya uso na uso akitafuta sare ya shule. Mlipuko utasikika nyuma ya hayo yote bila mwandishi kuongeza sauti. Barabara ileile, umati uleule, mtu mmoja anakwenda kinyume. Tayari kitendo kipo.

Niliahidi kurudi kwenye maumivu. Ndugu zangu waandishi, nawasihi. Katika hadithi nyingi mtu anapigwa mpaka anazimia, na sura inayofuata anaoga, anavaa suti na kwenda hotelini. Huko ni kumdanganya msomaji, tena msomaji ambaye amewahi kupigwa, au amewahi kusikia ule ukelele wa "mwizi!" mtaani kwake na kuona kilichofuata. Kipigo kinabaki mwilini. Kidole kikivunjika, mtu atafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto kwa majuma kadhaa. Ubavu ukipasuka, hatacheka, hatapiga chafya bila kushika pembeni. Tena mtumie huyo majeruhi! Hapa kwetu mwenye jeraha la kupigwa au la kisu akienda hospitali, kwa kawaida ataulizwa PF3, fomu ya polisi. Sasa mtu wako amejeruhiwa na polisi wenyewe wanamtafuta. Aende wapi? Duka la dawa la uchochoroni? Kwa shangazi aliyekuwa nesi? Karatasi moja ya kawaida kabisa imekupa sura nzima.

Na anayempiga je? Tumwonyeshe naye. Katika kundi linalomzunguka mtu aliyeitiwa mwizi kuna jirani mwema, kuna fundi cherehani, kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Mwandishi akiandika "umati wenye hasira" ameufuta uso wa kila mmoja. Chagua mkono mmoja. Mkono wa fundi cherehani, utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni mwa mwenyewe, unaokota tofali. Ukiliandika hilo kwa ukweli, msomaji anaweza kujiona, na hicho ndicho kitu ambacho nakitamani kuliko taharuki zote. Mimi naamini kabisa kwamba aya iliyotazama vizuri inaweza kumfanya mtu ashushe tofali siku moja.

Muda unanibana, fundi mitambo ananionyesha vidole. Basi nawapa kazi ya juma hili. Kesho au keshokutwa, simama mahali unapopita kila siku. Iwe daraja la Manzese, iwe soko la Tandika, iwe kituo cha Morocco, iwe mlango wa nyumba yako. Tazama kwa dakika kumi bila kuandika. Ukirudi, chora kwa mkono mchoro wa mahali hapo: njia iko wapi, shimo liko wapi, nani anakaa wapi, kitu gani kina moto, kitu gani kina ncha kali, mlango gani haufungi. Kisha mtoe mtu mmoja upande mmoja wa mchoro, mpeleke upande wa pili, akiwa na haraka. Andika ukurasa mmoja tu. Usitumie "kwa kasi", usitumie "ghafla", usitumie "kufumba na kufumbua". Tumia kilichopo kwenye mchoro wako.

Ukimaliza, msomee mtu kwa sauti. Msomee anayepajua mahali hapo. Akikukatiza kukwambia, "Lakini pale pana ngazi, asingepita hivyo," mshukuru, rudi ukaandike ngazi.

Juma lijalo, saa kama hizi, Mwenyezi Mungu akitujalia, tutazungumzia majibizano: watu wanavyosemezana katika hadithi, na kwa nini wahusika wetu wengi wanaongea kama wanahutubia mkutano wa hadhara. Kwa leo niwaache hapa. Usiku mwema.